Kalenda ya Maji ya Nesi Mwanamkisi

Nesi Mwanamkisi wa Faza alichoka kuwaona kina mama wa kisiwa cha Ndau wakishukia mbali na gati la Faza, watoto begani, matope hadi magotini, ati siku ya chanjo imeangukia wakati maji ya bahari yametoka. Basi akachora kalenda mezani kwake, saa za kazi, kila kliniki ikawa siku ambayo maji hujaa asubuhi. Kina mama wakaanza kufika wakavu, mabuibui safi kama wanaenda harusini.

Mwaka uliofuata ofisi ya afya ikaichapisha kwa rangi, nembo ya serikali juu, jina lake hakuna. Akampigia simu afisa wa huko, Fanuel, mtu wa bara.

"Bi Mwanamkisi, uliichora kazini. Ni mali ya serikali."

"Mali chukueni, Bwana. Mimi nataka nitajwe tu, na sheria inasema aliyetunga atajwe."

"Tutaangalia."

"Mkiangalia, angalieni na tarehe. Mmebadilisha mwaka, siku mmeziacha zile zile. Maji hufuata mwezi mwandamo, hayajui Januari. Kliniki ya kwanza mmewapangia kina mama matope."

Fanuel akauliza, "Sasa nani atazihesabu upya?"

"Si serikali ndiyo mwenyewe? Ihesabu."

Alimwacha ateseke kidogo, kisha akamhesabia zote.

Kalenda mpya zilipofika, chini kabisa paliandikwa: Imetungwa na Nesi Mwanamkisi, Faza.

"Mbona herufi ndogo hivi?" mama mmoja wa Ndau akamtania.

"Sogea karibu, utaona," akasema, akiipigilia mlangoni pa kliniki, pasipopitika bila kuisoma.