Mbuzi wa Mpiga Piano

Nzilani alikinunua kile kitabu soko la Nunguni, kwenye turubai la vitabu vya mitumba, kwa sababu ya jalada lake: mwanamke wa kizungu amekumbatia fidla kubwa karibu kumshinda. Alidhani ni kitabu cha kwaya. Alipofika nyumbani akaona ni riwaya ya mapenzi, na hakukirudisha. Hapo nilizidi kumpenda, maana Nzilani ninayemjua mimi akienda sokoni hununua chumvi na katani, basi.

Sisi ni wanawake watano tunaosuka viondo jikoni kwake kila Jumatano mchana, kwa kuwa Kilungu ni baridi na jiko lake lina joto bila moshi. Kiingereza cha kusoma riwaya anacho. Alimaliza sekondari, akaanza kufundisha, kisha mama yake akapooza upande mmoja na Nzilani akarudi nyumbani kumtunza. Mama alikaa kitandani mpaka binti naye akaota mvi. Wanaume waliokuja kubisha hodi walimkuta kila mara anabadilisha shuka, wakaenda kubisha kwingine. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Mimi ningelalamika hata kwa kuku.

Basi akawa anatusomea. Anatazama Kiingereza, anatuambia kwa Kikamba, na kwa kuwa aliyeshika kitabu hawezi kushika kiondo, tulipokezana kumsukia chake. Kilitoka kimepinda, maana kila mmoja ana mkono wake, lakini hakuna aliyejali. Tulikuwa tunataka kujua yatakayompata yule msichana.

Msichana mwenyewe anapiga selo, ile fidla kubwa, anaibana kwa magoti kama ndoo wakati wa kukamua ng'ombe. Mwanaume anapiga piano. Wamepangiwa kupiga pamoja kwenye tamasha, katika mji wa ng'ambo wenye theluji, na kila jioni wanafanya mazoezi ya kipande kigumu. Hawaambiani lolote. Wanapiga tu, na msichana akichelewa kidogo, mwanaume anamngojea kwenye nota.

"Hapo naelewa," Wayua akasema. "Alto ikipotea, bass inashikilia mpaka irudi."

Tukainamia viondo vyetu. Sote tulikuwa tumemfikiria Kimeu.

Kimeu anaimba besi katika kwaya yetu ya kanisa, nyuma tu ya Nzilani anayeimba alto, tangu enzi za kusoma sol-fa kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Alifiwa na mke zamani. Mama yake Nzilani alipozikwa na matanga kwisha, Kimeu alimwambia Nzilani waende tu kwa pasta wakafunge ndoa bila kelele, kwa kuwa wao ni watu wazima. Nzilani akasema atafikiria. Mvua zikaja zikaisha, bado anafikiria. Sasa binti wa Kimeu aliyeolewa kule mbali Ikutha alikuwa amemwita baba yake akaishi naye, na mzee ameshaanza kugawa kuku. Haya yote tuliyajua kwa Mbithe, mwalimu mstaafu na dada yake Kimeu, ambaye husuka nasi. Nilikuwa na hasira na wote wawili, sijui hata nimkasirikie nani kwanza. Kimeu angeenda Ikutha, Nzilani angebaki na lile jiko, na mimi ningelazimika kuwatazama wakiharibu maisha yao kwa adabu.

Tukafika mahali ambapo mpiga piano anamvalisha msichana pete nyuma ya jukwaa, watu bado wanapiga makofi. Nzilani alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Mimi nikaweka kiondo chini.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani, Muthoki?"

"Za ntheo. Huyu msichana ako na baba, ulitusomea anatengeneza saa. Amepelekewa mbuzi?"

"Hawa ni wazungu."

"Hata kama. Pete ni kitu ya duka. Bila ntheo huyo si bibi ya mtu, ni mgeni tu amekaa sana."

Wenzangu wakaniunga mkono. Kwetu wale mbuzi watatu wa kwanza ndio wanaotangaza kwamba mwanamke ametafutwa kwao, na mengine yote yanaweza kungoja. Kalondu, ambaye ni shemasi, akasema yeye hawezi kuendelea kusikiliza mambo ya watu wanaokaa tu pamoja.

Nzilani aliutazama ukurasa kwa muda. Kisha akaufunua mwingine, akaanza taratibu.

"Asubuhi mpiga piano akaamka, akanunua mbuzi tatu. Hakutuma mtu. Akazipeleka mwenyewe kwa miguu, kwa hiyo theluji, na kila mtu alimuona akajua anaenda wapi. Akamwambia baba ya msichana, 'Najua binti yako si msichana mdogo tena, na watu watatucheka. Lakini sitaki atoke hapa kwenu kimya kimya kama kitu imeibwa.'"

Kalondu akafuta macho kwa leso yake. Mimi niliridhika kabisa. Mwanaume wa namna hiyo ningempa hata dada yangu.

"Hebu nione hiyo page," Mbithe akasema, mkono ameshaunyosha. Ualimu haujamtoka.

Nzilani akakifunga kitabu, akasema macho yamechoka, akatoka kuchukua kuni. Mbithe hakungoja. Alikifungua, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudi nyuma, akaenda mbele, kisha akakirudisha pale pale.

"Ziko?" nikamuuliza chini chini.

"Hakuna mbuzi," akasema. "Hata kuku hakuna. Na huyo msichana bado ni mdogo sana, hata baba yake anashangaa."

Ilinichukua muda kidogo, kisha nikaelewa, na moyo ukaniuma. Mwanamke ametumia ujana wake wote kando ya kitanda cha mgonjwa, halafu mwanaume anayempenda anamwambia waende kwa pasta kimya kimya. Hakuwa anamkataa Kimeu. Alitaka kutafutwa kwao kama binti wa mtu, na ni mkaidi mno kuomba, kwa hiyo yale maneno akampa mpiga piano ayaseme.

Mbithe alikusanya katani yake mapema siku hiyo. Alisema ana neno na kaka yake.

Jumatano iliyofuata Nzilani alikuwa anatusomea sura ya mwisho simu yake ilipolia. Ni Nzau, kaka yake, anayekaa kule chini kwenye boma la baba yao. Nzau akiongea kwa simu hupiga kelele kana kwamba simu haipo, kwa hiyo tulisikia yote.

"Nzilani, kuna mzee hapa na mbuzi tatu. Amezitoa Nunguni kwa miguu, amepita nazo barabara kubwa watu wote wakiona."

Nzilani akakishusha kitabu.

"Nimempa kiti amekataa. Anasema hawezi kukaa mpaka nikuulize. Nizipokee?"

Mikono yetu yote ilisimama. Kalondu alinishika goti akalibana.

"Amekuja na nani?" Nzilani akauliza.

"Peke yake. Amevaa suti ya kwaya."

Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Nilimwona akicheka na kulia pamoja, na mimi nikaona nimekuwa mjinga kwa kumkasirikia.

"Zipokee," akasema. "Na umwambie akae, amechoka."

Akakata simu, akavua miwani, akakisukuma kitabu hadi kwenye mapaja ya Mbithe.

"Leo soma wewe, Mwalimu," akasema. "Na usitoe mbuzi zangu."