Lengelenge la Awadh

Manzese madaktari tumejaa, tatizo ni waliosomea. Awadh, muuza viungo jirani yangu, alipotokwa na vidonda mdomoni, wateja walimtibu palepale kaunta: huyu fangasi, yule asidi ya tumbo. Alipima Ukimwi mara tatu, mara tatu hana, na bado tulijifanya tunajua kuliko kipimo. Miezi mitano alikunywa uji uliopoa, kwa mrija, akabaki mifupa.

Kisha yakaja malengelenge kifuani, laini, yanapasuka yakiguswa na shati. Dada yake Hamida akapata kazi. Kila lengelenge alilitoboa kwa sindano aliyoipitisha motoni, akapaka dawa ya zambarau, eti uchafu utoke. Awadh alifika hospitali akiwa kama biringanya.

Daktari alisugua kidole kwenye ngozi iliyoonekana nzima, ikachubuka. Akakunja uso.

"Mzee, nahisi naujua ugonjwa huu, na usipotibiwa unaua. Lakini dawa zake ni kali, sikupi kwa kubahatisha. Nataka kipande cha ngozi penye lengelenge jipya, ambalo halijatobolewa. Njoo Jumanne, na asiliguse mtu."

Jumamosi asubuhi likatoka moja, begani. Hamida alishawasha kiberiti.

"Usiniguse," Awadh akasema. "Daktari kasema ugonjwa huu unaambukiza."

"Unaambukiza?"

"Hata kwa sindano."

Ulikuwa uongo mtupu, na uliwahi kufika Mabibo kabla ya adhuhuri. Muuza kahawa akahamia upande wa pili wa barabara. Mimi nami, aibu yangu, nilimwambia mke wangu bizari anunue kwingine. Hamida aliacha uji mlangoni, akabisha, akatimua mbio. Siku tatu hakuna mkono uliomgusa Awadh, na lengelenge likafika Jumanne likiwa zima.

Majibu yalipotoka, daktari alikuwa sahihi. Mwili wa Awadh wenyewe ndio unaoishambulia ngozi yake, na ugonjwa huo haumwambukizi mtu yeyote. Akaandikiwa vidonge, na dawa ya kupaka.

"Mgongoni mkono wako haufiki," daktari akasema. "Nyumbani nani atakupaka?"

Awadh akapiga simu palepale.

"Hamida, ugonjwa hauambukizi. Nilikudanganya ili usitoboe."



"Kaka yangu, hao wanakuficha tu usivunjike moyo," Hamida akasema. "We njoo, uji nitakuwekea mlangoni."