Punje Tano kwa Kibuyu cha Kamba Mbili

Ashukuriwe Mungu, aliyetupa ulimi wa kuonja na kusema kweli, na aliyeniacha nizeeke ili niungame haya.

Nakumbuka siku moja ya soko, pale Kabambare, wakati wa Wabelgiji. Mimi nilikuwa mwonjaji. Kila mgema alitoa kibuyu kimoja cha malafu, pombe ya mchikichi, kisemee mitungi yake yote. Kilivikwa majani ya mgomba nisijue ni cha nani. Nilisukutua kinywa, nikaonja, nikaweka punje za mahindi mbele yake: moja kwa mbaya, tano kwa bora. Wanunuzi waliangalia punje tu. Mama Feza, mzee aliyenifundisha kazi hiyo, aliniwekea sharti moja: usile kwa mgema.

Lakini nilikuwa nimemposa binti wa mgema Kalume. Siku moja kabla ya soko alinichinjia mbuzi, nikala nikashiba. Kisha akasema akicheka, "Mukwe, kibuyu yangu itafungwa kamba mbili. Usinisahau." Nami nikacheka naye. Mwanangu, kicheko kile kinanichoma hata leo.

Nilipoonja kibuyu cha kamba mbili nilijua mara moja. Malafu ya juzi, yametiwa maji ya mto, na magome machungu ya kuficha uchachu. Nikaweka punje tano.

Watu wa kazi ya barabara walinunua mitungi yake yote. Asubuhi yake, kumi na mmoja kati yao hawakuweza kusimama kwa kuumwa tumbo. Kapita, msimamizi wao, hakuuliza ugonjwa. Aliwaita wavivu, akawalaza chini mbele ya wenzao, wakapigwa fimbo.

Mama Feza alinikuta nyumbani, akachukua mfuko wangu wa punje bila kuketi.

"Kijana, ulionja malafu ao ulionja mbuzi?"

Nikajitetea kwamba nisingeweza kumwaibisha mkwe wangu.

"Na ile migongo kumi na moja," akasema, "iko ya wakwe wa nani?"

Akanituma kambini kwa wale watu wa barabara nikawaambie mwenyewe. Nilidhani watanitukana. Mmoja, Sefu, alikuwa amelala kifudifudi, nzi wakimsumbua mgongoni. Hakuinua hata kichwa.

"Tuliamini punje zako," akasema. Basi.

Siku ya soko iliyofuata nilisimama nikasema kweli mbele ya watu wote. Kalume akaninyima binti. Sikumdai.

Nina hasira na kapita yule, na bwana Mbelgiji aliyempa fimbo. Nina hasira na Kalume. Nimesali miaka mingi, Mungu amenipa subira kwa mengine, kwa hili bado. Lakini wao hawakuaminiwa na mtu. Aliyeaminiwa nilikuwa mimi.

Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza: kibaya hutembezwa na mwonjaji aliyeshibishwa. Mwanangu, ukiwekwa uwapimie watu wasioweza kujipimia, pombe, mchele au neno, usile kwa mwenye kitu. Akikuonyesha kamba yake, ondoka, kibuyu chake aonje mwingine. Na ukikosea, usingoje kuitwa. Nenda ukasimame mbele ya mgongo ulioumia.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie ulimi wako, na wanaokuamini wasiumie kwa ajili yako. Amina.