Chandarua Kilichosalimu Amri

Nichekeni tu, nimeshazoea, maana hata wanangu nikiwagombeza hunirudishia hili hili: mimi ndiye mwanamke aliyeisalimisha kambi nzima kwa Wareno, siku ya kuamkia Idi, bila kutumwa na mtu wala kuulizwa, na wakati nasalimisha wala sikujua kama nasalimisha.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, binti mbichi, nimetoka Lindi na sanduku langu la bati na majivuno yangu yote. Vita vya ukombozi vilikuwa vimepamba moto ng'ambo ya Ruvuma, na wapiganaji walikuwa wanatafuta walimu wa kuwafundisha Kiingereza vijana wao waliotarajiwa kupelekwa nje kusomea uganga na uuguzi, basi nikajitolea (nani aliniambia nijitolee? Hakuna, kiherehere changu tu). Nikavushwa mto kwa mtumbwi, nikatembezwa porini mpaka miguu ikavimba kama mihogo, nikafikishwa kwenye kambi iliyofichwa ndani ya shamba la zamani la minazi na mikorosho, nyuma ya kijiji cha Olumbi.

Nilikuwa nimejiambia kwamba kule si ugenini, kwani watu wanasema Kiswahili, wanakula samaki, wanaswali kama sisi, ugeni uko wapi? Loo! Kila nilichogusa kilikuwa na mwiko wake. Moto usiwashe mchana, moshi utaonekana. Kuku mweupe usifuge. Sufuria mpya usiianike, inang'aa. Darasani msiitikie kwa sauti, mtasikika barabarani wanakopita askari. Mimi niliyezoea watoto waitikie mpaka bati za darasa zitetemeke, nikawa nafundisha Kiingereza kwa kunong'ona, na Kiingereza cha kunong'ona, jamani, hakina tofauti na kupiga chafya.

Halafu, hata sijamaliza kuwafundisha kusalimiana, shule ikafungwa kwa ajili ya Idi. Kamanda Lukasi, mkuu wetu, Mmakonde wa bara na Mkristo mwenye msalaba wake shingoni, alisema Idi ni ya kambi nzima, Waislamu na Wakristo, kila mwanafunzi aende akasaidie kwao na siku yenyewe wote tukutane. Wanafunzi wakatawanyika kwenye kambi za jirani, Kamanda naye akaenda kambi ya upande wa Quiterajo kuonana na wenzake, wanaume waliobaki wakashuka pwani kutafuta samaki wa sikukuu. Nikabaki mimi, nimefunga, nina kiu, sina kazi. Na mtu asiye na kazi, ndugu zangu, hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mwenye bunduki.

Nikaamua kufua chandarua changu.

Ndiyo, uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo. Chandarua alininunulia mama yangu nilipoaga, kikubwa, kipya, cheupe pe kama tui, na kambini hakuna mwingine aliyekuwa nacho, na (kwa nini niwafiche?) nilikuwa nakionea fahari. Kilikuwa kimeanza kunuka moshi, nikasema siwezi kuingia nacho Idi namna hii.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Atija, mama wa makamo, mjane, aliyenipa chumba katika nyumba yake ya fito na makuti. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake baada ya kukimbia kutoka mjini Mosimboa, na alikuwa akiipaka udongo upya kila sikukuu, mpaka ukutani unaweza kujitazama. Aliponiona naloweka, akasimama na jembe begani.

"Mwanangu, nyeupe hiyo huku hatuianiki. Lete nikutilie rangi, maji ya gome la mkoko ninayo, tayari kabisa."

"Mama, lakini hiki ni kipya."

"Kipya ndiyo kinaonekana zaidi."

Nikatazama maji yake ya mkoko, mekundu ya kutu, nikaona chandarua cha mama kinageuka gunia. Nikamwambia, "Nitakianika chini ya mkorosho, kivulini, mara moja tu, kikikauka nakitoa. Hakuna atakayekiona."

Bi Atija akanitazama kidogo, akasema, "Haya, wewe ndiye msomi," akaenda zake machamba, yaani shambani, kuchimba mihogo. (Akina mama wa huko wakikuambia wewe ndiye msomi, acha unachofanya papo hapo. Mimi sikujua.)

Nikakianika. Kivuli kizuri, jani juu, jani pembeni, hata jicho la kunguru lisingekiona. Nikaketi kizingitini, usingizi wa saumu ukaninyemelea. Kilichonizindua ni upepo. Ulikuja kutoka baharini ghafla, ukaingia chini ya mkorosho, ukakijaza chandarua kama tanga, kikachomoka kwenye kamba na kupaa, nami nyuma yake nimenyoosha mikono kama ninayemwita mtoto arudi, kikapita juu ya mkorosho, kikapita juu ya jiko, kikaenda kutua kwenye mnazi mrefu kuliko yote mle shambani. Na si kutua kwa adabu. Kilinasa kileleni kwa ncha moja, mwili wote ukawa unapepea.

Hapo mwenye akili angekimbia kumwita mtu. Mimi nilikuwa na aibu. Nikasema nitakishusha kabla Bi Atija hajarudi. Nikatafuta kamba ndefu, nikaifunga kijiti, nikarusha. Kikapita pembeni. Nikarusha tena, kikanirudia mguuni. Nikarusha, nikarusha, koo limekauka, jasho linanitoka, natukana kwa Kiingereza ili saumu isiharibike, na mwisho kijiti kikanasa chandarua, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na badala ya kushuka kikafunguka. Ncha iliyokuwa imejikunja ikakunjuka, upana wote ukajitandaza angani, na kamba ikakatika mkononi mwangu.

Ndipo nikasikia ndege.

Kwanza mlio kama nyuki, halafu watu wakaanza kupiga kelele, "Ndege! Ndege!" na wanawake wakatoka majikoni na watoto wao, wote mbio kwenye mahandaki, na Bi Atija akatokea machamba anakimbia, akainua macho juu ya mnazi, akanitazama, akanishika mkono na kunitumbukiza shimoni. Tukalala kifudifudi. Ndege ikazunguka mara ya kwanza, chini kabisa, makuti yakatikisika. Mama mmoja akaanza kusoma shahada. Nikasema basi, nimewaua, nimeua watoto wote hawa kwa sababu ya mbu.

Ikazunguka tena. Tukangoja bomu. Badala ya bomu ikaja sauti.

Ndege ile ilikuwa na kipaza sauti, moja ya zile Wareno walizokuwa wakizitumia kuwarai watu watoke porini, na sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume, Kiswahili kizuri kabisa ila kinavuta puani, na ilikuwa inasikika, nadhani, mpaka kwa samaki:

"Ndugu zetu! Tumeiona bendera yenu nyeupe! Mmefanya vizuri sana! Msiogope! Kesho askari watakuja na magari kuwachukua! Mtapewa nguo na chumvi! Na ninyi wengine mlioko porini, fuateni mfano wa wenzenu hawa! Wameshasalimu amri!"

Ikarudia. Ikaenda upande wa kusini ikatangaza huko, ikaenda upande wa bara ikatangaza huko, kila mahali jina letu sisi, wenzenu hawa wameshasalimu amri, nasi tuko shimoni tunajisikia tunavyosifiwa.

Ilipoondoka watu walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza bendera gani, maana ilikuwa pale juu inapepea. Bi Atija ndiye aliyenyoosha kidole. "Mwalimu," alisema, na hapo nikajua nimekwisha, maana siku zote aliniita mwanangu. "Mwalimu, umetusalimisha."

Saidi, mwanafunzi wangu mwenyeji wa kambi yetu na fundi wa kugema, alipopanda kutoka pwani na wenzake akaukwea ule mnazi na kukishusha chandarua, kimechanika katikati. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Profesora, bandera yako." Jina hilo la Kireno la mwalimu likanikaa hapo hapo.

Asubuhi ya Idi tukaswali chini ya mikorosho minene. Tulipotoa salamu na kugeuka, nikaona watu wamesimama nyuma yetu wengi kuliko tulioswali. Kambi zote za jirani zilikuwa zimekuja, na hawakuja na sahani. Mbele yao alisimama Kamanda Lukasi, hakulala, vumbi mpaka nyusi, wapiganaji wenye silaha kushoto na kulia. Alikuwa ametembea kutoka upande wa Quiterajo baada ya kuisikia sauti ile. Aliingoja swala imalizike mpaka dua, akavua kofia.

"Idi njema," akasema. "Sasa, nani amesalimu amri?"

Watu waliuawa katika vita vile kwa jambo dogo kuliko hilo, kila mtu alijua. Nikasimama, katikati ya wanawake, na ukaya wangu kichwani na nguo yangu ya Idi.

"Ni mimi, Kamanda. Yaani si mimi. Ni chandarua."

"Ni nini?"

"Chandarua. Cha mbu."

Akakiagiza. Kikaletwa, akakishika ncha, mpiganaji akashika ncha nyingine, wakakikunjua mbele ya umati mzima, na Kamanda akaingiza kichwa kwenye tundu lililochanika.

"Unalala humu?"

"Ndiyo, Kamanda."

"Peke yako?"

Wanawake wakaanza kuguna. Nikasema ndiyo, peke yangu, na nikaanza kueleza habari ya upepo, na kamba, na kijiti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba nilikipandisha mwenyewe, mpaka sauti moja ikatoka nyuma, "Kumbe hatukusalimu kwa Mreno, tumesalimu kwa mbu!" na kicheko kikalipuka, hata wapiganaji, hata imamu. Kamanda peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee mmoja aliyekuwa akijipenyeza mbele na mkewe, wazee kabisa, mke ana furushi kichwani na jogoo kwapani.

"Kamanda," yule mzee akasema, "sisi tulisikia wote mmeshakwenda. Tukafunga vitu, tukaenda mpaka karibu na barabara. Hatukumwona mtu. Mke wangu akasema turudi kuuliza." Akaninyooshea fimbo. "Sasa huyu bibi atuambie, tunakwenda au hatuendi?"

Kicheko kikakatika. Nikawaza wazee wale pale barabarani peke yao, na magari yanakuja, na jogoo wao. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Hatuendi, baba," Kamanda akamjibu, kwa upole ambao mimi sikupewa. Kisha akatugeukia. "Askari wanakuja leo kuwachukua watu waliosalimu. Wasikute mtu. Tunahama sasa hivi."

Na ndivyo tulivyoisherehekea Idi ile. Wali wa nazi uliopikwa alfajiri ukafunikwa majani na kutwikwa vichwani ungali wa moto, samaki wakafungwa kwenye mikeka, watoto wenye nguo mpya wakabebeshwa vigoda, na kila aliyenipita njiani alikuwa na neno. "Profesora, tushike njia ipi, au tungoje ndege ituelekeze?" Mama mmoja mjamzito alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mimi nilitwika vitabu vya shule na mabakuli ya watu, maana nilijipa mzigo wa kila aliyekubali kunipa, na bado mzigo haukutosha.

Jua lilipokuwa limepinda tukafika kwenye mwinuko, msitu mzito, Kamanda akasema tupumzike. Tulisikia magari mbali, kisha kimya kirefu, kisha tukaona moshi. Si wa kujificha. Moshi mweusi wa makuti, nguzo baada ya nguzo. Tulisimama tunautazama, na kila mtu aliijua nyumba yake kwa mahali moshi ulipotokea. Bi Atija aliitazama ya kwake mpaka ikaisha.

Kisha akashusha chungu, akafunua majani, akaanza kupakua. Aliwapa watoto, akawapa wale wazee wa jogoo, akawapa wapiganaji. Mimi nilikuwa nimejitenga, nimegeuza mgongo, nimeapa moyoni mambo mengi: kwamba mwenyeji akiniambia hatufanyi hivi huku, sitauliza kwa nini, nitatii kwanza na kuuliza baadaye nikiwa hai, na kwamba sitakula chakula cha watu wale siku hiyo, sistahili.

Akaja akasimama mbele yangu na bakuli.

"Kula."

"Sili, mama. Acha niendelee kufunga."

"Kufunga siku ya Idi ni haramu," akasema, na uso wake bado una majivu ya jiko aliloliacha. "Hilo nalo hawakukufundisha Lindi? Kula, mwanangu, wali unapoa."

Nikapokea, nikala, na chozi likawa ndiyo chumvi yake.