Jina Asilolitaja Mama

Nilikasirika siku ile na hasira haijanitoka mpaka leo.

Tuliitwa kwenye ofisi ya kijiji, Didia, tutoe maoni kama kila raia apewe kitambulisho. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilipewa kazi ya kuandika. Nilikwenda nikiwa upande wa kadi. Wiki mbili kabla, mgambo walimteremsha mama yangu kwenye treni pale Isaka kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha yeye ni nani. Alikuwa anakwenda Mwanza kwa daktari wa macho. Jicho moja lilikwishaziba, la pili lilikuwa linafuata.

Nikadhani watu wazima watazungumza kama watu wazima. Wapi! Mmoja akasema hiyo ni kodi ya kichwa inarudi kwa mlango wa uani. Mwingine akauliza kama ng'ombe nao watapigwa picha. Mhindi mwenye duka, aliyezaliwa hapa hapa na anayenishinda Kisukuma, akasema taratibu, "Ninyi mtaulizwa swali moja, jina; mimi mawili, jina na kwetu ni wapi."

Afisa kutoka wilayani akatoa fomu ya mfano ili tuone ilivyo rahisi. Nikamsogeza mama mbele. Jina lake akataja, la mumewe akataja.

"Na la baba wa mume?"

Mama akainamisha kichwa. Kwetu mke hamtaji baba mkwe, hata kama mkwe yuko kaburini.

"Nitaandika mimi," nikasema.

"Hapana, mwalimu. Ataje mwenyewe."

"Mayu, taja tu," nikamnong'oneza mama. "Ni jicho lako hilo."

"Nimtukane mkwe wangu mbele za watu, mwanangu?"

Watu wakapiga makofi. Makofi! Kura zilipopigwa kadi ikaanguka, na mkono wa mama ulikuwa wa kwanza kuipinga. Nikauhesabu, nikauandika.

Barua ya balozi wa nyumba kumi, iliyomruhusu kusafiri, tuliipata baada ya mavuno. Daktari akasema tumechelewa.

Tangu hapo, kila nilipoingia kwake aliinua uso na kuuliza, "Nani?" Nami nilisimama mlangoni nikajitaja, mwanawe wa kumzaa. Siku moja, kwa hasira, nikaongeza la baba, nikaongeza na la babu mzaa baba. Mama akajifunika uso kwa khanga, nikabaki nimesimama, sijui niombe radhi kwa nani.