Kidonge Kilichowekwa Kwenye Asali

Mwalimu Alute Ntandu wa Sepuka alipostaafu, hakurudi nyumbani na godoro la zawadi wala saa ya ukutani. Alirudi na kidonge. Kilikuwa cheusi, cha mviringo, kipana kama kitufe cha koti, na mtu asiyekijua angedhani ni kipande cha mkaa kilichosuguliwa kikapendeza. Mkewe Anastasia alikuwa akikiita mke mdogo.

"Huyo mke mdogo wako haombi kanga wala hapiki," alisema kila alipomkuta mumewe anakikagua. "Lakini kwa kutunzwa, ananishinda."

Alute alikitengeneza kwa mikono yake ujanani, chuo kikuu, miaka ile ambayo wanafizikia wa dunia nzima walikuwa wamepagawa na vitu vya namna hiyo. Alisaga unga wa madini, akaushindilia, akauoka kwenye tanuri kutwa kucha, kisha akaupoza taratibu. Kikiwa mkononi kidonge ni kigae tu. Lakini kitumbukize kwenye naitrojeni iliyoyeyuka, baridi ambayo jani bichi likiguswa nayo linavunjika kama glasi, nacho kinabadilika tabia. Umeme unapita ndani yake bila kizuizi chochote. Sumaku ukiiweka juu yake haikai. Inasukumwa na kubaki imeelea hewani, na ukiisukuma kwa kidole inazunguka kama mtoto anayecheza peke yake.

Kazi yake chuoni ilikuwa kukipima. Alikifunga nyuzi nyembamba kama nywele, akakizungushia waya wa shaba kuona kinavyoifukuza sumaku, akakipasha joto kidogo kidogo kuona kinameza joto kiasi gani kabla ya kurudi kuwa kigae. Kila kidonge kina mahali pake pa kugeukia, kiwango cha baridi ambapo kinabadilika tabia. Ukipajua mahali hapo umekijua kidonge. Alute alipajua pa kwake kama unavyojua sauti ya mtu wa nyumbani. Kisha mashine ya kuyeyushia hewa, iliyowapa naitrojeni, ikaharibika. Kipuri kikaagizwa. Wakubwa wakabadilishwa, wakaja wengine, nao wakaagiza tena. Alute alisubiri mpaka wenzake wakachoka hata kumtania, akafunga sanduku, akaja Singida kufundisha fizikia kwa chaki.

Adui wa kidonge ni unyevu. Ukikiacha kwenye hewa ya masika kinaumuka, kinaota unga mweupe, kinakufa. Mzee Ntandu, baba yake Alute, hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa mtu wa mizinga. Magogo yake yalining'inia kwenye miyombo mpaka ng'ambo ya upeo wa macho. Mwanawe alipomweleza taabu ya kidonge, mzee alikigeuza geuza kiganjani, akamwambia akivishe nta kisha akizamishe kwenye mtungi wa asali. Ndivyo wazee walivyohifadhi dawa zao zamani, na mbegu, na hata nyama ya safari. Alute alicheka, kisha akafanya. Miaka ikapita. Kila alipopata naitrojeni alikikwangua nta, akakipima, na kila mara sumaku ilielea, na joto lilipopanda ilianguka pale pale ilipokuwa ikianguka siku zote.

Mzee alikufa. Miyombo ikakatwa, kwanza kwa mkaa, halafu kupisha mashamba ya alizeti. Magogo ya mizinga yakapasuliwa kuni. Leo ukimuuliza kijana wa Sepuka mzinga unapandishwaje mtini, atakuonyesha video. Mtungi wa mzee ukabaki na tope la asali chini, nta ikawa haipatikani hata kwa dawa, na mwaka jana Alute alipanda gari mpaka Mkiwa, pale njia panda ambapo asali inauzwa kwenye chupa za maji, kununua asali ya kukihifadhia kidonge.

Muuzaji aliitwa Felista. Alimwamkia kwa Kinyaturu, akamuuliza ukoo wake, akagundua kwamba bibi zao walitoka boma moja.

"Kumbe mjomba wangu!" akasema. "Chukua hii. Hii ni ya msituni, ya magogo. Wale wa mabasi nawapa ile nyingine."

Zamani asali ilikuwa inajaribiwa kabla mtu hajaichukua. Mnunuzi alidondosha tone kwenye vumbi kavu. Asali ya kweli ilijikusanya ikaviringika kama ushanga. Iliyotiwa maji ilizama. Mwenye asali hakukasirika. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akichota vumbi na kulitandaza mbele yako. Lakini Alute, aliyepima kila kitu maishani, aliona aibu. Utaijaribuje asali ya mtu aliyekwisha kukuita mjomba, katikati ya watu, kama vile umemshika akiiba? Akaichukua. Akakitia kidonge humo bila nta, akafunga kifuniko, masika yakaingia, masika yakatoka.

Ndipo Hana akaja. Hana alikuwa mwanafunzi wake, na sasa ndiye mkuu wa shule ya sekondari aliyoiacha Alute.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso hivyo?"

Hana alikaa kwenye kigoda, hakuzungusha maneno. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanachagua masomo ya kuendelea nayo. Mwaka uliopita fizikia ilichaguliwa na wachache mno. Bodi ilikuwa imesema mwaka huu wasipopatikana wa kujaza hata madawati ya mbele, somo linafutwa, na maabara inageuzwa stoo ya chakula.

Maabara hiyo Alute aliijenga. Alizunguka vijiji kuomba mchanga, mawe na nguvu za watu, akabeba matofali pamoja na wazazi. Hakuwa na mtoto wa kuzaa mwenyewe. Anastasia alizika wawili wakiwa wachanga, hakupata tena. Chumba kile ndicho kilichokuwa chake duniani.

"Mimi nilichagua fizikia siku ile uliyotuonyesha sumaku ikielea," Hana alisema. "Njoo uwaonyeshe hawa. Ukishindwa wewe, mimi sina lingine."

Usiku Alute hakulala vizuri, na asubuhi alikitoa kidonge kwenye asali. Kilikuwa na utando mweupe. Alikifuta kwa kitambaa, utando ukarudi.

"Asali imeganda tu hiyo," alisema Anastasia. "Sukari ya asali."

"Ndiyo. Imeganda," alijibu Alute, akakifunga kwenye kitambaa haraka, kama mtu asiyetaka kuona zaidi.

Naitrojeni ilikuja na Abdulmajidi, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Singida mjini, ambaye huzunguka vijijini na pikipiki akiwapandikiza ng'ombe mbegu za madume ya kisasa. Mbegu zake hukaa kwenye mtungi wa baridi ile ile anayoitaka Alute.

"Shikamoo, mwalimu. Leo nakupunguzia kidogo tu. Mbegu zikipata joto, wafugaji wataniambia nizae mwenyewe."

"Marahaba. Na ukizaa wewe, ndama watakuwa wanaomba urithi wa duka la baba yako."

Walicheka wote wawili wakiingia shuleni. Alute alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu, na hakucheka tena.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Alute alikiweka kidonge kwenye sahani ya sponji, akabandika ncha za waya wa kupimia joto pembeni yake, akawaeleza kwa maneno machache watakachokiona. Kisha Abdulmajidi akamimina. Moshi mweupe ukatambaa juu ya meza, ukamwagika mpaka chini, watoto wakapiga kelele za furaha. Alute alisubiri mchemko utulie. Mita ikashuka, ikashuka, ikapita pale mahali pa kugeukia, ikaendelea kushuka. Akachukua kisumaku kidogo kama punje ya mtama kwa koleo la mti, akakiweka juu ya kidonge, akakiachia.

Kikakaa.

Akakiinua, akakiachia tena. Kikakaa tu pale, kama jiwe juu ya jiwe.

"Babu, imegoma," sauti ikatoka nyuma.

"Labda bando limeisha!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Hana akagonga meza, wakanyamaza, lakini mabega yalikuwa bado yanatikisika. Alute hakusikia vizuri. Alimwomba Abdulmajidi aongeze, naye akaongeza bila mzaha wowote, akakitazama kidonge kama anavyotazama ng'ombe asiyesimama. Baridi mpya ilipokigusa, kidonge kilitoa mlio mdogo, kikapasuka vipande viwili. Ndani hakikuwa cheusi. Kilikuwa cha kijani, kijani cha shaba iliyolala kwenye maji, na unga mweupe ukamwagika kwenye sahani.

Hana alimsogelea, akaongea chini chini. "Mwalimu, waambie tu kwamba huwa kinaelea. Mimi nilikiona. Nitashuhudia."

"Nimekuja kupima, Hana. Nimepima."

Akawageukia watoto. Alitaka kuwaambia kuhusu nyuzi nyembamba kama nywele, kuhusu mahali pa kugeukia, kuhusu usiku aliouona mstari wa vipimo ukianguka ghafla kwenye karatasi akapiga yowe peke yake chuo kizima kimelala. Akawatazama. Akasema, "Kimekufa. Kiliingiwa na maji." Akaketi.

Abdulmajidi, kwa huruma, akamwaga baridi iliyobaki sakafuni. Ikakimbia kila upande kwa matone yanayocheza na wingu jeupe, na hapo ndipo watoto waliposhangilia kweli, wakapiga makofi, wakakanyaga moshi, na mwalimu mmoja kijana akarekodi kwa simu. Hicho ndicho walichokipenda. Moshi.

Ulipoisha, Hana aliuliza nani anataka fizikia anyooshe mkono. Msichana mmoja karibu na dirisha aliuinua nusu. Jirani yake akamwambia kitu, akacheka, na ule mkono ukaishia kukuna kichwa. Hana alingoja. Alingoja kuliko ilivyostahili. Kisha akauliza nani anataka masomo ya biashara, na mikono ikasimama kama shamba la mtama.

Alute alipotoka, wazazi walikuwa tayari wameanza kushusha magunia ya mahindi ya chakula cha shule kwenye kibaraza cha maabara. Walimwamkia kwa heshima, wakamwomba apite kwanza, wasimchafue kwa vumbi.

Nyumbani Anastasia aliuona uso wake. Alimletea maji ya kunawa. Alute aliingia ndani akatoka na ile chupa ya Mkiwa, akachuchumaa uani penye vumbi kavu, akafungua kifuniko.

"Unafanya nini?"

"Ninaijaribu."

"Leo?"

Akadondosha tone. Halikuviringika. Lilitanda, likapoteza rangi, vumbi likalinywa lote, pakabaki doa lenye umbo la sarafu. Akadondosha lingine kando yake, na lingine, kwa uangalifu uleule wa chuoni. Yote yakazama.

"Yule mwanamke alikuita mjomba," alisema Anastasia.

"Aliniita."

Anastasia alikaa chini kando yake. Alichukua kitambaa chenye vipande viwili vya kidonge kutoka mfukoni mwa mumewe, akakifungua, akavitazama vipande vile vya kijani, akakifunga tena. Sisimizi walikuwa wameanza kuja kwenye madoa, mstari mwembamba kutoka chini ya ukuta. Alute aliinamisha chupa, akaimwaga yote.