Idris wa Kaloleni na Ukuta wa Herufi Moja Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Kaloleni mjini Voi haujachangamka. Idris Abdulghani yuko juu ya ngazi, pamba masikioni, brashi mkononi. Ukuta wote wa kinyozi ameufunika kwa karatasi, akaacha nafasi ya herufi moja tu. Anaipaka, anaitazama, anatabasamu. Kisha anaisogeza karatasi.

"Hivi ndivyo ninavyoweza," asema fundi huyu wa mabango, mwenye umri wa miaka 34. "Na ninaweza vizuri."

Miaka kumi na miwili iliyopita alianza kusikia sauti zisizo na wenyewe. Madaktari wakasema ni skizofrenia. Dawa zilizinyamazisha sauti, lakini kazi ikazidi kumwendea kombo. Siku moja akiandika bango la duka la dawa, mtu aliagiza chapati ng'ambo ya barabara. Idris akamaliza: DUKA LA CHAPATI. Mtaa ulicheka wiki nzima. Wateja wakamhama mmoja mmoja, wakisema ni mvivu wa kufikiri, naye akaamini.

Kliniki, muuguzi Mable alimwonyesha kadi yenye neno "nyekundu" lililoandikwa kwa wino wa buluu. Akamwambia ataje rangi, asisome neno. Idris akasema nyekundu. Kadi ya pili, vilevile.

Mable akamweleza kuwa kila mtu hujikwaa hapo, maana neno na rangi hugombania ulimi. Ila wengi wenye ugonjwa huu hutaabika zaidi, kwa kuwa akili hushindwa kuchuja lisilotakiwa, na dawa pekee huwa hazitoshi.

"Si uvivu, Idris," alimwambia. "Mlango wa akili yako hauna komeo. Tutafute komeo."

Idris anakumbuka alivyorudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima, kwa furaha ya kujua kuwa si mvivu.

Karatasi ni ubunifu wa mkewe, Nasiha. "Tena mimi ndiye niliyekuwa nikimsemesha akiwa kazini," akiri. "Siku hizi twazungumza akishashuka."

Wateja wamerudi. Mwenye duka la dawa alimwita tena mwaka jana, akaomba achorewe na chapati ndogo pembeni.

Jumatatu Idris anakwenda Ronge kuandika alfabeti kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Atafuatana na wenzake wawili wa kliniki, awafundishe kazi.

"Mmoja ana wasiwasi, asema hawezi kutulia dakika kumi," aeleza Idris, akisuuza brashi. "Nimemwambia A yataka tano tu."